Mkono Juu ya Picha

Salmon, Idaho
12 Septemba 2021

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku tu wazima. Garrett yuko msituni na lori la magogo, tunamwona Jumamosi tu. Nakuandikia kwa sababu masikio yako yameikataa simu. Mara ya mwisho nilikuambia Maren ana mafua, ukanipongeza.

Huyo Maren ndiye aliyenikalisha hapa mezani. Mama, mtoto ametimiza miaka minane na hajui kusoma. Anabahatisha. Jana kitabuni pameandikwa, "Farasi alikunywa maji mtoni." Yeye akasoma, kwa sauti safi kama mtangazaji wa redio, "Farasi alikula nyasi shambani." Kwenye picha kuna farasi na kuna nyasi. Nikamwambia arudie. Badala ya kutazama kitabu akanitazama mimi usoni: "Bondeni? Zizini? Aa, si uniambie tu, mama!" Uso wangu ndio anaousoma. Nikikunja paji anabadilisha neno, nikitabasamu anasonga mbele.

Unakumbuka mama mkwe wangu, mama yake Garrett, alisema nikimfundisha Maren nyumbani nitamharibu. Sitaki awe amesema kweli.

Kwa hiyo natafuta mpango wa kufundisha sauti za herufi, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo. Nimeazima mitatu kwa akina mama wa kikundi chetu cha Alhamisi. Mmoja una kadi za rangi, mmoja una nyimbo, na mmoja ni kitabu kinene kisicho na picha hata moja. Wewe umefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Nichague upi?

Mwanao,
Corinne


Kearney, Nebraska
21 Septemba 2021

Mwanangu Corinne,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti linadeka. Jirani Orville ameanza kuvuna mahindi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.

Sasa wewe, tulia. Unamfundisha mtoto au unamfunga nira? Vitabu hivyo warudishie wenyewe. Nimeona watoto wakibweka ba, be, bi mchana kutwa mpaka hamu ya hadithi ikawafia. Maren akikwama, mwambie atazame picha. Kisha atazame herufi ya kwanza. Kisha ajiulize ni neno gani lingefaa hapo. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto mia sita na ushee, na ndivyo nilivyomfundisha Maren mwenyewe viangazi viwili alivyokuja kwangu. Akisema nyasi mahali pa maji, si ameelewa kuwa farasi alikuwa anashiba? Kusoma ni kupata maana. Mengine yatakuja yenyewe.

Nakuletea sanduku la vitabu vyangu vidogo vya darasani, vile vyenye picha kila ukurasa. Na mkwe wangu msalimie, mwambie avae soksi nzito.

Mama yako


Salmon, Idaho
27 Januari 2022

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni.

Nilifuata maneno yako mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Maren akawa hodari wa vitabu vyako vyote. Nikampa kimoja kichwa chini, akakisoma vilevile.

Basi nikaanza kadi za rangi. Wiki tano, machozi kila asubuhi, nikaziacha. Nikaanza nyimbo. Tukaziimba mpaka Garrett akaziimba usingizini, lakini kitabuni hakuna kitu, nikaziacha. Kila mpango unaanza somo la kwanza, kwa hiyo Maren amesoma somo la kwanza mara mbili na anadhani kusoma ni hilo. Alhamisi huwa tuna meza ya kubadilishana vitabu, kule kwenye chumba cha chini cha kanisa. Juzi nilivifunua kimoja kimoja. Vyote vimejazwa kwa penseli hadi somo la ishirini au karibu na hapo, halafu kurasa ni nyeupe, hakuna hata alama. Sote tunaachia pale pale. Na kila mmoja wetu anaapa kuwa kitabu ndicho kilikuwa kibovu.

Hapo mezani palikuwa na Bibi Lund, mama mtu mzima ambaye zamani alifundisha watoto waliochelewa kusema. Akamkalisha Maren, akafungua kitabu chako kimoja, akaweka mkono juu ya picha. "Haya, mjukuu, nisomee."

Maren akatazama dari, akatazama mlango, akanitazama mimi. Hakusoma hata neno moja, mama. Halafu akapiga kelele, mbele ya watu wote, "Toa mkono wako! Umeificha hadithi!"

Bibi Lund akaniuliza polepole, "Nani alimfundisha kubahatisha? Mtoto hazaliwi nalo hili." Nikasema, mama yangu.

Nina hasira nawe. Nilikuamini kwa sababu ni mwalimu, nikamsukuma mwanangu kule ulikonionyesha, na sasa usiku na mchana namsikia akiuliza lile aliloniuliza garini tukirudi: "Mama, mimi ni mjinga wa namna gani?" Anauliza namna, kama mtu aliyeambiwa achague viatu.

Usiniandikie kwa sasa. Ukiniandikia barua nitairudisha. Maren unaweza kumwandikia, za kwake sitazizuia.

Corinne


Kearney, Nebraska
9 Februari 2022

Corinne mwanangu,

Najua umenikataza. Nikuandikie nini basi, nikuandikie hujambo? Hujambo.

Siku tatu nilikuwa nakutukana peke yangu humu ndani. Huyo Bibi Lund ni nani hata anifundishe kazi? Siku ya nne akaja Delbert kuniondolea theluji mlangoni. Unamkumbuka, ni yule wa kwenye ghala la nafaka. Nilikuwa nimepata karatasi kutoka hospitali, maandishi madogo, nikamwambia, Delbert, hebu nisomee hapa. Akapapasa mifuko yote. "Sina miwani, mwalimu."

Corinne, Delbert hajawahi kuvaa miwani. Nimemsikia akisema hivyo benki, nimemsikia akisema hivyo kanisani, na miaka yote nimecheka naye. Alipoondoka nikatoa picha ya darasa ya mwaka themanini na saba. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto ni yeye, meno mawili hayapo. Niliwaandikia wazazi wake kwamba anasoma vizuri sana. Nilimpa na nyota ya dhahabu.

Nikakaa na picha hiyo mpaka kahawa ikapoa. Sikuwa nawatazama macho yao, nilikuwa nasikiliza sauti zao, na sauti zilikuwa tamu. Wangapi, mwanangu? Siwezi kuwafuata majumbani kuwauliza.

Nisamehe. Uliniuliza uchague upi, na leo ndipo nakujibu. Chukua kile kinene kisicho na picha. Na hata ukichukua kingine, usikiache. Kikifika somo la ishirini na mtoto akalia, lieni wote wawili, kisha mfungue la ishirini na moja. Hilo tu.

Kuna jambo jingine pia la hiyo karatasi ya hospitali, lakini nijibu kwanza.

Mama yako


Kearney, Nebraska
22 Machi 2022

Maren mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi bibi yako sijambo kidogo.

Barua hii ni yako na ya mama yako. Mpe aisome. Ile niliyomwandikia yeye imerudi bila kufunguliwa, ndiyo maana nimeandika jina lako juu ya bahasha.

Safari hii sikuchora picha kama nilivyozoea. Mwambie mama hivi. Madaktari wameona uvimbe tumboni mwangu. Watanipasua tarehe 14 Aprili, huko Omaha. Wanasema moyo wangu ni mzee na huenda nisiamke. Naogopa. Ningependa mama yako aje kabla ya siku hiyo. Kama hawezi, au hataki, simlaumu.

Na wewe, Maren, nilikufundisha vibaya. Kosa ni langu, si lako. Wewe si mjinga wa namna yoyote.

Nimekutilia humu pakiti ya mbegu za alizeti.

Bibi yako anayekupenda,
Arlys


Salmon, Idaho
14 Aprili 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiwa bustanini kama kawaida yako, na goti limenyooka. Huku theluji imeisha na mto umejaa. Garrett anakusalimu, soksi anavaa.

Naona haya kuanza. Miezi karibu mitatu nimekunyamazia, na barua yako nikairudisha bila hata kuifungua. Sikuwa na haki ya kukufanyia hivyo. Nilikuwa nimechoka mno, nikatafuta wa kumbebesha. Kilichonigeuza ni barua uliyomwandikia Maren. Mwezi huu wote nimekuwa nikitaka kukuandikia, kiburi kinanikalia, leo nimekishinda.

Ilikuja asubuhi, mimi namenya viazi. Maren akaifungua mwenyewe mezani, akaweka ile pakiti ya alizeti mbele yake, akaisoma yote kwa sauti. Yote, mama, tangu juu hadi chini. "Maren mjukuu wangu mpendwa, nimekuletea alizeti, zipandeni upande wenye jua. Goti langu limepona. Nitakuja kiangazi tuoke pai. Mwambie mama nampenda sana." Hakukwama hata mara moja, na hakunitazama usoni hata mara moja. Nikaacha kisu nikalia juu ya viazi. Nilitaka niione, akaikumbatia, akasema ni yake, jina lake ndilo liko juu. Nikamwachia. Ana haki nayo, ni barua ya kwanza aliyoisoma maishani.

Kwenye kile kitabu kinene, tulichokianza Februari, tulikuwa tumefika somo la kumi na tisa. Alhamisi nimekirudisha mezani kwa wengine, sisi hatukihitaji tena. Bibi Lund aliguna, unajua watu wazima. Nikamwambia mama yangu alikuwa sahihi tangu mwanzo, mengine yamekuja yenyewe.

Alizeti zimeota, ziko kwenye vikombe dirishani. Njoo mwezi wa sita, nitakupokea mwenyewe kituo cha basi. Maren anauliza kila siku utakuja lini. Anasema ukija atakusomea ile barua yako, ukae tu umsikilize.

Tuandikie upesi utuambie siku utakayofika.

Mwanao anayekungoja,
Corinne