Saa Iliyomvusha Mto Baba Asha

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba Asha ametoka kutembea alfajiri kama kawaida. Amerudi na jasho, na hasira. Saa yake ya mkono imesema ametembea kilomita kumi na tisa. Amefika relini na kurudi, basi. Hata treni yetu kilomita hizo inazifikiria kwanza.

Sukari yake imeshuka kidogo. Muuguzi alimwambia atembee kila asubuhi, ale mboga ya lengalenga, aache sukari kwenye chai. Ameshika la kwanza tu.

Saa aliituma binti yetu Asha kutoka Lubumbashi, kwa ndege. Ina kadi ya simu ndani. Yeye huko na mimi hapa tunamwona baba yake kwenye simu zetu: nukta ya bluu inatembea, na chini yake namba ya mapigo ya moyo. Kwa moyo sina neno. Nukta ndiyo mwongo. Leo imemvusha mto. Imempeleka mpaka karibu na Alunguli, ng'ambo, na kumrudisha, maji yote yale, bila mtumbwi. Asha amepiga simu anacheka, eti baba amekuwa nabii.

Mimi sikucheka. Ule mto siupendi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechoka na maswali, leo nimemfuata mwenyewe. Simu mkononi, yeye mbele, mimi nyuma nahema kama mbuzi wa kuuzwa.

Barabarani nukta iko sawasawa. Tukiingia kwenye mianzi nyuma ya mtaa wa Mikelenge, pale ilipofunga juu mpaka mchana unakuwa kama jioni, nukta inaruka. Inakwenda kukaa katikati ya mto. Tukitoka upande wa pili inarudi. Nimeangalia mara mbili. Asha anasema saa ikikosa kuona anga inakisia kwa minara ya simu, na mnara wenye nguvu uko ng'ambo.

Basi nimeelewa. Nukta ikiwa majini, mume wangu yuko kwenye mianzi. Nilifurahi kama mtu aliyepata ufunguo.

Jioni alikuja shemeji Issa, mdogo wake Baba Asha. Alionyeshwa ule mstari wa njia ya nukta juu ya maji. Halafu akasema mto umeanza kumwita kaka yake. Nilimwambia anywe chai, itapoa.

Najua anakotoa maneno hayo. Wakati wa vita tulikimbia kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Ukapinduka. Baba Asha alitoka, mimi nilitolewa. Juma wetu hakutoka. Alikuwa na miaka minne. Tangu siku ile Baba Asha hajakanyaga bandarini, na samaki wa mto hali. Shemeji anaona mtu wa namna hiyo ataishia majini. Mimi naona mtu wa namna hiyo hawezi kusogelea maji hata umburute. Mimi na Baba Asha tumelala na huzuni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeogopa leo.

Amerudi kutoka msikitini akaniuliza kama askari wameshapita. Askari gani? Akasema nifiche chumvi. Nikamwangalia. Vita vimeisha, Asha amekua, ameolewa, amezaa, yeye ananiambia nifiche chumvi. Baada ya muda mfupi alikuwa mzima, anabishana na redio.

Si mara ya kwanza. Asha sijamwambia. Yuko mbali, atalia tu na kumaliza inite, salio lake la simu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hajarudi.

Alitoka alfajiri. Saa nne nilianza kuangalia njia. Saa sita nikafungua simu. Nukta katikati ya mto, haitembei. Chini yake moyo unapiga. Polepole, lakini unapiga.

Nilimpigia shemeji. Nikamwambia: yuko kwenye mianzi ya Mikelenge, ameanguka, twende. Alikuja mbio, akachukua simu mkononi mwangu, akaangalia nukta. Akageuka akaenda bandarini.

Wagenya, wavuvi wa mto, waliingia na mitumbwi yao. Wanaujua mto kuliko mtu yeyote, walizama na kuibuka mpaka macho yakawa mekundu. Watu walijaa ukingoni. Mimi nilimshika shemeji shati mbele ya watu wote. Alisema, "Mama Asha, saa njo hii inaonyesha maji. Unataka iseme nini tena?"

Nikamwambia, "Na moyo? Muntu mwenye kufa mu maji, moyo yake inapiga namna gani?"

"Ile ni mashini tu. Inadanganya."

Kwa mahali inasema kweli, kwa moyo inadanganya. Wamechagua.

Alituma vijana wawili mianzini ili ninyamaze. Walisimama barabarani, wakaita, wakarudi. Mvua ilikuwa imeanza.

Najua aliko. Mwaka ule wa vita, mji ulipofungwa na hakuna aliyethubutu kwenda shambani, yeye alikuwa anapita ndani ya mianzi ile kututafutia muhogo. Alikuwa anarudi na mihogo ndani ya shati. Mimi na Asha tuliishi kwa shati lile. Akili ikimrudisha vitani, miguu inampeleka huko. Nilitaka kwenda mwenyewe gizani. Walinishika mikono, wanawake watatu.

Jioni simu ikanyamaza. Nukta hakuna, moyo hakuna. Mnara wa ng'ambo umeishiwa mazutu, dizeli ya jenereta yake, simu za mtaa mzima zimekufa. Shemeji anasema ni dalili. Ndiyo, ya mazutu.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi Mgenya mmoja ameleta kandambili ya bluu iliyonasa kwenye majani ya maji. Nusu ya mji wetu Kindu inavaa kandambili za bluu. Wifi yangu Mwamvua alipoiona alijitupa chini. Kilio chake kiliita watu wote.

Saa nne bashi la turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa. Shehe alisema tungoje, hakuna mwili, hakuna shahidi. Shemeji akasema shehe ni wa kuja, hajui mto huu unavyoficha watu wake. Wakaswali bila yeye, wanaume safu tatu, mvua inapiga bashi. Wakasema amekufa jana.

Asha alipiga mtandao uliporudi kidogo; nukta haikurudi. Nikamwambia aseme na baba yake mdogo, kwa kuwa hata Asha ameuona moyo kwenye simu yake. Alilia sana. Akasema, "Mama, baba mudogo ameshaona. Kubali tu." Hata yeye.

Halafu wakaniweka eda. Wamenivua hereni, wamenivika nguo nyeupe, wamenikalisha kwenye mkeka chumba cha nyuma. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki. Wifi amekaa mlangoni na miguu yake imenyooka. Simu wameichukua, eti inanitia wazimu.

Mtu anayejua alipo ni mmoja tu, naye ndiye aliyekatazwa kutoka. Nimeandika hivyo mara mbili na kufuta moja.

Nimewaambia: mume wangu ni mzima, eda ni ya nini? Wakanishika kichwa wakanisomea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ndani.

Kila mwanamke anayeingia namwambia: mianzi, nyuma ya Mikelenge. Wananipapasa mkono. Wanasema msiba unasema mengi.

Nje wanapika wali. Nasikia miko kwenye masufuria. Watu wa Kalima wamefika, binamu za Baba Asha. Nimesikia mmoja anauliza kama kuna pilipili.

Ninawachukia. Hata wanaolia kweli.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetoka.

Kabla ya adhana niliomba kwenda chooni. Wifi alikuwa amesinzia, alisogeza mguu. Nyuma ya choo kuna uzio wa matete, upande wa pili ni kwa Mama Furaha, muuza makaa. Ni Mkristo, tumeishi jirani tangu watoto wetu wanatambaa. Alinikuta nimenasa kwenye uzio wake na nguo nyeupe, peku. Hakuuliza kitu. Alichukua panga.

Nikamwambia watamlaumu. Akasema, "Miye siko na eda. Twende."

Watu barabarani walitukimbia. Mwanamke mmoja alitua beseni lake chini akafunika uso. Mjane katika eda, nje, kweupe. Niliwapita.

Kwenye mianzi tuliita. Tuliita tena. Mama Furaha alikuwa anakata, mimi napita nyuma. Upande wa mbali mvua za miaka yote zimechimba korongo. Alikuwa ndani yake. Amekaa, mgongo kwenye udongo, mguu mmoja umepinda vibaya. Kofia yake ilikuwa mapajani, imegeuzwa juu, ina maji ya mvua kidogo. Ndani ya shati kulikuwa na mihogo. Mmoja ulikuwa na alama za meno.

Nilishuka. Nilimshika uso. Baridi.

Mama Furaha ameosha maiti wengi wa kanisani kwao. Alishuka, akamgusa shingo, akainua mkono wake akauangalia, akaurudisha taratibu. Hakutaka kusema, nikamlazimisha. "Mama Asha, huyu hakufa Jumamosi. Wala jana asubuhi."

Amezikwa alasiri. Shemeji alishika jeneza upande wa kichwa. Hakuniangalia. Mimi nilirudishwa kwenye mkeka ule ule, chumba kile kile, na wifi mlangoni. Safari hii miguu ameikunja.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa ilikuwa bado mkononi mwake, imezima. Mama Furaha ameipeleka kuchaji kwa mwenye sola. Simu nimerudishiwa bila kuomba.

Sikujua kwamba saa ile, mtandao ukipotea, inaendelea kuandika moyo peke yake na kuutuma siku mtandao ukirudi. Asha pia hakujua. Mchana amepiga. Akanisomea yote iliyotuma.

Jumamosi yote moyo ulipiga. Usiku wa mvua ulipiga. Jumapili walipofunga bashi ulipiga, na walipomswalia. Ulipiga mpaka Jumatatu, baada ya adhuhuri. Halafu mstari umenyooka. Saa iliendelea kutafuta moyo mpaka jioni, ndipo batri ikaisha.

Jumatatu baada ya adhuhuri walikuwa wanagawa wali.

Asha anasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia nimesikia. Sijui kama nimemsamehe. Ni mtoto wangu, itakuja.

Kutoka kwetu mpaka kwenye mianzi ni mwendo wa kuchemsha chai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Shemeji amekuja baada ya sala. Alisimama nje ya pazia, kwa sababu ya eda. Nilikiona kivuli chake, bega moja limeshuka. Amezeeka wiki hii. Sikumwonea huruma.

Alisema ni kadari. Nikamwambia kadari haikukaa mlangoni na miguu imenyooka. Wifi alitoka akaenda jikoni.

Nadhani alikuwa analia. Alimpenda kaka yake, hilo silikatai. Baada ya vita ni yeye aliyekuwa anakwenda bandarini kutununulia mimi na Asha samaki mkavu ili Baba Asha asiuone mto. Amemtafuta mahali alipokuwa anaogopa kumkuta, siku zote. Naelewa. Na bado sitaki kusikia sauti yake nyumbani mwangu.

Kabla ya kuondoka akasema eda yangu ihesabiwe kuanzia Jumamosi. Watu wameshaambiwa, dua imeshasomwa, tukibadilisha sasa mji utasema familia ilimswalia mtu aliye hai. Nikamwambia mji utakuwa umesema kweli. Akaenda.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Bashi limeondolewa, uani kumebaki matundu ya miti na majivu. Mama Furaha amenipitishia lengalenga dirishani, na habari: bei ya mafuta ya mawese, harusi ya jirani, mbwa wake amezaa. Nilisikiliza yote. Alisema saa iko kwake, nikiitaka atanipa. Nikasema akae nayo kwanza.

Wifi haketi tena mlangoni. Anakaa ndani na mimi, kwenye mkeka. Anashona. Hatusemi sana. Leo ameniuliza, taratibu, tunahesabu kuanzia siku gani, ili ajue siku ya kunitoa.

Nimemwambia Jumatatu. Shehe naye ameletewa ule mstari wa moyo, amesema Jumatatu.

Akasema kaka Issa atakasirika, ni kujiongezea siku mbili ndani bure.

Si bure. Jumamosi na Jumapili sikuwa mjane. Nilikuwa na mume, na alikuwa ananingoja.