Kijiko Kimoja kwa Kila Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote: mimi humeza. Shangazi Nyafwono ananifundisha kuonja mvinyo kisha niteme, kwa sababu nyumbani tumeokoka na Baba hataki hata harufu ya pombe. Mbele yake natema. Akigeuka, nameza. Naupenda. Mweupe, mkavu, hauna utamu hata kidogo, lakini unanukia maua ya mpera na majani ya mlimau. Nimemaliza shule, Baba amenichagulia kozi ya uuguzi. Siitaki. Nataka kubaki hapa kijijini Kwapa na mizabibu ya Shangazi.

Leo tumepalilia kwa mkono, maana hapa dawa haipulizwi. Mgongo unauma. Mama mmoja mwenye mkahawa Busia, upande wa Kenya, atachukua mvinyo wote wa mavuno haya ajaribu kuuza. Usiponunuliwa, Shangazi atang'oa mizabibu apande mahindi. Kasema hivyo, na yeye hasemi ovyo.

Jumatano, 5 Machi

Baba mdogo Okoth, ndugu yake Shangazi, alikuja kuona chupa. Pikapu yake ndiyo itakayovusha mzigo. Akaonja, akakunja uso.

"Dada, hii imechacha! Hata padri atatema."

Shangazi akamweleza: hamira imekula sukari yote ya zabibu. Ndivyo tulivyokusudia.

"Watu ya Busia wanataka tamu. Wewe Awor, unaweza kunywa hii maji ya ndimu?"

Nikijibu ndiyo, watajua nameza. Hasira tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi yuko matangani Busitema. Nimerudi kutoka kisimani, nikamkuta Baba mdogo stoo. Vizibo vimezagaa chini. Anatia sukari, kijiko kimoja kwa kila chupa, anafunga upya kwa mashine yetu. Anaimba!

"Nawasaidia nyinyi, mwanangu. Usimwambie shangazi yako. Atafurahi wakiagiza tena."

Ningeweza kusema acha. Neno moja tu. Sikusema. Alipakia, akaenda. Namchukia. Koo langu nalichukia zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Chupa zimepasuka. Stoo ya mkahawa, chini ya mabati, kwenye joto lile. Hamira iliyobaki ilipata ile sukari, ikaanza kazi upya, gesi ikajaa. Yule mama alipiga simu akifoka. Shangazi anasema kosa ni lake, alifunga chupa mapema mno. Mkono wake wa kutengeneza mvinyo umeharibika, anasema. Baba mdogo alikuwa papo hapo, anakula mihogo yetu.

"Pole, dada."

Pole!

Keshokutwa tunaanza kung'oa. Jembe limeshatiwa mpini mpya.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda mpakani Malaba kumtafuta Baba mdogo. Alikuwa kando ya foleni ya malori, anacheka na madereva. Nilipiga kelele. Mimi.

"Wewe ndiye uliyetia sukari! Umwambie Shangazi leo hii, ama nitasema mimi mbele ya ukoo mzima!"

"Eh, mzee," dereva mmoja akasema, "huyu ukimuoza, mume atamrudisha, adai mahari mara mbili!"

Wakaangua kicheko. Baba mdogo hakucheka. "Punguza sauti, mwanangu."

Sikupunguza. Sijutii.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu asubuhi.

Baba mdogo alikuja jioni ile ile ya Jumatano. Akamwambia Shangazi yote, akampigia simu mwenye mkahawa yeye mwenyewe. Yule mama atangoja mavuno yajayo. Hatujang'oa hata mzabibu mmoja.

Leo baada ya ibada tumekula wote pamoja. Shangazi akamwambia Baba kwamba Okoth ana roho safi, aliona kosa lake akaja mwenyewe bila kuitwa. Baba akamsifu sana. Baba mdogo akainamia sahani yake. Mimi nikamwongezea mchuzi, naye akasema asante kwa sauti ndogo.

Mwache asifiwe. Shangazi ana furaha kwamba ana ndugu wa namna hiyo. Ya Malaba unayajua wewe peke yako, daftari langu. Kaa nayo, tafadhali. Usimwambie mtu.