Shali ya Matundu kwa Neema

Mufindi

Mama Neema, mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeamkaje huko Ngumbo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku kwenye mashamba ya chai inaingia mpaka mifupani. Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya nisingeweza kuyasema kwenye simu, wenzangu wa chumbani wakisikiliza.

Siku ile uliponiambia Neema ameanza kusema, na kwamba anamwita mdogo wangu Kosmasi "baba", nilicheka pamoja nawe. Simu ilipokatika nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Simlaumu mtoto. Niliondoka angali tumboni mwako, atanijulia wapi?

Mama mwenye nyumba alikuwa pale akifuma sweta. Nikamwomba anifundishe, nimfumie mwanangu.

"Kwenu kuna baridi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Kwetu ni ziwani, joto."

"Basi ukimfumia sweta utampika bure. Mfumie shali ya matundu, upepo upite."

Usicheke, mke wangu. Kazi yenyewe ni rahisi ukishaielewa. Unazungusha uzi kwenye sindano, hapo unapata tundu. Kisha unafuma vitanzi viwili pamoja ili upana usiongezeke. Mimi nilikuwa nazungusha tu, nasahau kuunganisha. Ikapanuka kama suruali ya mlevi! Wenzangu wakawa wananiita bibi harusi. Mama mwenye nyumba akavuta uzi, wote ukafumuka.

"Anza tena, baba," akasema. "Mikono yako inakimbilia nyumbani kabla kazi haijaisha."

Alisema kweli. Nilianza tena, nikafumua tena. Jumapili iliyopita ndiyo imekamilika. Ukiinyoosha kwenye mwanga utaona matundu yamejipanga kama majani madogo. Moja limekosewa karibu na ukingo, nimeliacha.

Nilitaka niilete mwenyewe. Nikaomba likizo, msimamizi akasema mvua imenyesha na chai imechipua, haondoki mtu. Nikarudi shambani. Kwa hiyo namkabidhi kondakta wa basi. Kosmasi aifuate Mbinga mjini.

Na umwambie Kosmasi sina kinyongo. Neema akimwita baba, aitike. Mtoto asiite akakosa wa kumwitikia.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie shangazi anayeanika usipa pale ufukweni, mwambie dagaa wa huku hawana ladha ya samaki wake. Msalimie na katekista aliyetufundisha ndoa.

Halafu, tafadhali, shali usiifue kwanza. Tangu ilipokwisha nalala nayo shingoni. Mfunike hivyo hivyo, aizoee harufu yangu, ili siku nikiingia mlangoni asinikimbie.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Neema