Mkalimani wa Mzee Gidamis

Gendabi, Hanang
9 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa Emilian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta hapo Tunduru ukiwa mzima, na kwamba kikohozi cha vumbi la chaki ulichomlalamikia Mama kimekuachia. Wifi Eva na watoto nawasalimu sana. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anakwenda kisimani na kurudi akiwasema wote aliowakuta njiani, kwa hiyo ujue yuko vizuri. Mahindi tumeshavuna. Maharage yalikuwa haba kwa sababu mvua ya mwisho haikufika, ila shangazi wa Maretadu alituletea debe moja la kwake, na akahakikisha kijiji kizima kinajua kuwa ametuletea.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa hufurahi, kwa sababu napata pa kunyamazia. Habari yenyewe inahusu shamba lako la bondeni, pale ulipopanga matofali ya nyumba yako, na inanihusu mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumpigia Mama.

Mwezi wa sita walikuja watu wawili kutoka chuo kikuu. Mmoja ni mhadhiri, Dokta Mectilda, mama wa makamo kutoka Karagwe. Wa pili ni Wilbard, mtaalamu wao wa ramani, Mchaga mwenye maneno mengi. Kijiji chetu kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na wao walikuja kuzunguka na wazee ili visima vya zamani, njia za mifugo na makaburi ya Wabarabaig viwekwe kwenye ramani kabla mpango haujapitishwa. Mahali patakapowekwa alama hapatalimwa wala kujengwa. Walihitaji mtu wa kuwatafsiria Kibarabaig, na mwenyekiti akanitaja mimi, kwa kuwa nimekua nikichota maji pamoja na mabinti wa Mzee Gidamis, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na sina kazi ya maana.

Kaka, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Tulitembea siku nzima, na njiani niliwauliza maswali mpaka Wilbard akasema mwaka ujao mimi ndiye nije kuwafanyia utafiti wao. Nilimuuliza Dokta udaktari wake ni wa kitu gani hasa. Alicheka akasema hata mama yake hajui. Kila Krismasi akienda nyumbani anakuta majirani wamepangwa kwenye benchi na vikohozi vyao, kwa sababu mama ametangaza kuwa binti daktari amefika. Kisha akanieleza kwamba amesomea historia ya watu ambao mambo yao hayakuandikwa. Alisema kazi yake kubwa ni kuuliza swali lilelile mara tatu, kwa siku tofauti na kwa sura tofauti, bila mzee kuhisi kwamba haaminiwi. Nilimwambia hiyo kazi Mama anaifanya tangu tuzaliwe. Alisema basi Mama angeshakuwa profesa.

Wilbard naye alinionyesha kifaa chake, kidogo kama simu ya kitochi. Alisema Dokta ameajiriwa kunywa maziwa na kusikiliza hadithi, ila yeye ameajiriwa kuchomwa na miiba. Kifaa kile, alisema, kinajua mahali uliposimama kuliko mama yako mzazi, lakini hakijui umefuata nini hapo; ndiyo maana hawezi kufanya kazi bila Dokta, na Dokta hawezi kufanya kazi bila mimi. Nilitembea na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Siku ya kwanza Dokta alinipa sharti moja tu. Nitafsiri kila kitu kama kilivyosemwa. Mzee akimwita fisi, nimwambie fisi. Nikaahidi.

Na nilitimiza, mpaka siku ya Mzee Gidamis. Unamkumbuka, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani tu, cha bei na chumvi na mbuzi. Tulimkuta kwenye kivuli cha zizi. Kabla hajajibu lolote aliniuliza kama huyu mama analipwa mshahara kwa kuuliza baba za watu wamezikwa wapi, na kama wa kwao ameshamaliza kuwauliza. Nilitafsiri neno kwa neno. Dokta alicheka mpaka akashika mbavu, akasema wa kwao walimshinda, hawakubaliani hata jina la babu. Mzee akapenda jibu lile. Akasimama, akachukua fimbo yake, akasema tumfuate. Wilbard akawasha kinasa sauti.

Alitupeleka moja kwa moja kwenye shamba lako.

Kaka, unajua alitupeleka wapi. Kile kilima kidogo cha udongo ambacho Baba alikuwa akikizunguka na plau, na sisi tukipanda juu yake anatukemea bila kutueleza sababu. Kile ambacho mwaka juzi ulimwambia dereva wa trekta apite juu yake moja kwa moja, nami nikiwa nimesimama pembeni na chupa ya maji ya dereva. Mzee Gidamis alisimama kwenye mabua ya mahindi, hatua chache kutoka kwenye matofali yako, akasema hapa ndipo bung'eda, kilima cha kaburi la baba yake, ilipojengwa. Alisema watu walikuja kutoka mpaka upande wa pili wa mlima, wakajenga kilima kile kwa miezi, wakanywa pombe ya asali, na yeye alikuwa kijana anayebeba miti. Akasema hakuja kugombana na watoto wa baba yetu, kwa sababu baba yetu alikuwa mtu wa kukizunguka kilima kile. Anachotaka ni paandikwe, ili akifa watoto wake wajue pa kusimama.

Dokta aliniangalia, akisubiri.

Sasa nakuandikia nilichosema. Nilimwambia Dokta kwamba mzee anasema kaburi la baba yake lilikuwa upande huu wa korongo, ila mahali hasa hapakumbuki tena, kwa sababu ya uzee.

Sikupanga. Niliyaona matofali yako, nikakumbuka miaka uliyokaa Tunduru ukiyanunua kidogo kidogo, na mdomo ukaenda wenyewe. Lakini haukuishia hapo. Dokta alimwangalia mzee kwa huruma, akasema pole sana baba, uzee ndivyo ulivyo, akaniomba nimfikishie pole hiyo. Ningeifikishaje? Nilimwambia mzee kwamba Dokta anashukuru na ameshaandika. Mzee alifurahi. Aliinama akang'oa majani kidogo pembeni mwa shamba akaniwekea mkononi, kama wanavyofanya wakimtakia mtu amani, akasema mimi ni binti wa baba yangu. Dokta akauliza mzee amesema nini. Nikamwambia ameaga.

Unajua kuwa kila siku naandika shajara yangu kabla ya kulala. Siku ile niliandika bei ya mahindi na jina la ng'ombe aliyezaa.

Siku walipokuwa wanafungasha, nilimuuliza Dokta mambo yote haya yanakwenda wapi. Nilitaka tu kuendelea kuzungumza naye, maana nilijua nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza nafikiri nini. Alinieleza kwa furaha, kama anavyoeleza kila kitu cha kazi yake. Alisema pale chuoni yuko mwenzake anayeitwa Felician, Mbarabaig wa Basotu, ambaye husikiliza kila kilichorekodiwa tangu mwanzo mpaka mwisho na kuandika tafsiri yake mwenyewe bila kuona ya kwanza. Kisha wanalinganisha. Alinishika bega akasema nisiwe na wasiwasi, mdogo wangu, kwako hatutakuta tofauti.

Nilikaa nalo siku kadhaa, kisha nikampigia simu nikamwambia. Ningependa kukuandikia kwamba ni dhamiri iliyonisukuma. Nimejiuliza sana na sipati jibu linaloninyoosha. Kama asingemtaja Felician, sidhani kama ningempigia. Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, Frida, asante kwa kusema; na kuanzia hapo hajaniita mdogo wangu tena.

Walirudi mwezi wa saba, safari hii wamekuja na Felician mwenyewe. Dokta alisema nimweleze mzee kwa mdomo wangu, na Felician akasimama karibu kusikiliza kama nasema yote. Nilisema yote. Nilidhani mzee atakasirika kuhusu trekta. Hakukasirika. Alisema alikuwa anaiangalia siku ile kutoka zizini kwake, kwa hiyo si habari. Kilichomuuma ni kwamba yule mama msomi amekaa mwezi mzima huko mjini akimdhania mzee asiyejua baba yake alipolala. Aliniuliza mara mbili kama kweli nilimwambia hivyo. Kisha akamgeukia Dokta, akaanza kumtajia baba yake, na babu yake, na baba wa babu, kila mmoja na mahali alipozikwa na rangi ya ng'ombe wake, haraka haraka, kama mwanafunzi aliyeambiwa ni mjinga mbele ya darasa. Felician alitafsiri. Mimi nilisimama kando na sikutakiwa. Hakuniangalia tena, hata nilipomwamkia kwa lugha yake wakati wa kuondoka.

Wilbard alipokwisha kuchukua vipimo alinijia pale kwenye matofali. Hakuwa na utani. Alisema kuna jambo ambalo afadhali nilisikie kwake. Siku ile bondeni upepo ulikuwa mkali, na alisahau kuvisha kinasa sauti kile kisponji chake. Felician alipokisikiliza hakusikia hata neno moja, ni mvumo mtupu. Kabla sijapiga simu walikuwa wameshaamua kutumia tafsiri yangu peke yake.

Ndicho ninachokuungamia, kaka, kuliko vyote. Hakuna aliyenikamata, na hakuna ambaye angenikamata. Kama ningenyamaza, kaburi lisingekuwa kwenye ramani na mwaka kesho ungeanza msingi wako. Nilimkosea Mzee Gidamis kwa ajili yako, kisha nikakukosea wewe kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo. Siku nyingine namwona mzee akipita na ng'ombe zake nakubali kuwa bora ilivyotokea. Siku nyingine nayaona matofali yako yamefunikwa turubai, nasikia joto la aibu masikioni. Mama nilimweleza tukiwa tunapukuchua mahindi. Alimaliza hindi alilokuwa analipukuchua, kisha akasema nikuandikie mwenyewe, yeye hatanibebea mzigo huu.

Hali ilivyo sasa ni hii. Mzee hataki shamba lote. Anataka pale pa kilima, na njia ya kupitia kutoka korongoni. Lakini pale ndipo penye mwinuko, na kwingine kote maji husimama wakati wa masika, kwa hiyo unajua maana yake kwa nyumba yako. Amesema pia kwamba neno la mwisho hataki kulisikia kwangu. Anamtaka mwenye shamba aje asimame naye pale.

Jumatatu kamati ya ardhi ya kijiji iliniita. Mwenyekiti aliuliza, kwa kuwa wewe uko mbali na mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, kama unakubali sehemu ile iachwe, waandike wamalize, watu wakavune alizeti zao. Wote walinigeukia. Mzee Gidamis alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na fimbo yake katikati ya magoti. "Ndiyo" ilikuwa mdomoni, kaka. Ingemfurahisha mzee, ingemfurahisha Dokta, na labda mzee angeniitikia salamu.

Niliwaambia sijui. Niliwaambia Emilian anao mdomo wake, na atajibu mwenyewe. Walinung'unika, wakaahirisha mpaka mwisho wa Septemba.

Basi likizo yako ikianza njoo, hata kama ni kuja kunigombeza. Matofali sijayagusa. Mama anakusalimu, anasema ukija umletee mchele wa huko, ila usimletee hasira ndani ya nyumba yake. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi umwambie namkumbuka. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Frida