Habari za Mbuzi wa Shemeji

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi, na zikikuzidi mgawie jirani yako wa kitanda cha juu, yule anayekoroma. Mgongo je, umeacha kukusumbua? Unakula lakini? Sisi huku wazima kwa jumla. Goti la Mama linalia akiinuka, nami nazidi kurefuka. Ukirudi utanisalimia ukitazama juu.

Siku hizi bwana mifugo hafanyi kazi bila mimi. Alikuja kuwapa mbuzi wetu dawa ili wazae kwa pamoja. Ngoja nikufundishe, wewe uliyemaliza shule. Kila jike anatiwa kisponji chenye homoni kwenye njia ya uzazi, uzi wake unabaki unaning'inia nje. Kikiwa humo mwili unadanganyika, unadhani mimba imeshaingia, basi yai halitoki. Baadaye uzi unavutwa, kisponji kinatoka, mbuzi anadungwa sindano, na baada ya siku mbili hivi wote wanapata joto kwa mpigo. Hapo beberu anafunguliwa, na siku hiyo hana nafasi hata ya kula. Miguu nilishika mimi. Bila mimi bwana mifugo angekuwa anakimbizana nao mpaka leo.

Wote wameshika mimba isipokuwa Kipusa, yule mweusi ambaye mkeo alipewa na baba yake. Siku ya kuvuta, uzi wa Kipusa haukuonekana. Bwana mifugo akasema kisponji kimeshadondoka, hutokea, akamdunga akaenda kwa mwingine. Matumbo ya wenzake yakajaa, lake likabaki bapa.

Kaka, kuanzia hapa siandiki kwa raha. Mama alisimama uani, mkeo akiwa anafua, akampigia simu mchinjaji aje kumchukua Kipusa. "Mimi sifugi tasa," akasema. "Amefanana na mwenyewe aliyemleta." Mkeo aliendelea kusugua shati lile lile, nadhani ni lako, mpaka nikaona litatoboka. Tangu siku hiyo hali chakula pamoja nasi, na begi lake ameshalishusha kutoka juu ya kabati.

Jana nilipokuwa nafagia zizi nikamwona Kipusa anatokwa na uchafu nyuma, tena ananuka vibaya. Nikamkimbilia bwana mifugo. Akavaa glavu, akapapasa. Kisha akatoa kisponji, kimekuwa cheusi, kauzi kametafunwa mpaka mwisho. Kumbe wenzake ndio waliomtafunia uzi zizini, nacho kikabaki ndani muda wote huo.

"Hukuwaona wakimtafunia uzi?" akaniuliza.

"Mimi nashika miguu, mzee. Mkia ni wako."

Hakucheka. Amemsafisha kwa maji ya chumvi na kumdunga dawa ya kidonda. Anasema kupona huenda akapona, lakini kama atakuja kushika mimba, hilo hawezi kuapa.

Mama alikuwepo, alikiona kisponji kwa macho yake. Akaingia ndani, na jioni akamtumia mchinjaji ujumbe kwamba asije. Kwa mkeo bado hajasema kitu. Mara mbili amefika mlangoni kwake akageuka, akijifanya anatafuta ufagio. Ufagio ninao mimi.

Mama anahesabu miaka ya ndoa yenu, ila siku ulizolala hapa hazihesabu. Mimi hesabu nilifeli, lakini hiyo naiweza. Hata Kipusa aliletewa beberu; wewe ulifika wiki moja ukakimbilia basi. Ukirudi usinipige. Au nipige, mradi umerudi.

Nisalimie binamu fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea sasa ni kaptura. Mama anakusalimu, Baba Mdogo pia. Mkeo nilimwuliza niweke salamu gani. Alikuwa amekaa kitandani, begi pembeni, akaniambia, "Mwandikie kaka yako habari za mbuzi tu."

Basi nimetii, ni hizo. Mungu amlainishe mkuu wako wa kazi akupe ruhusa kabla begi halijavuka mlango.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ingawa hakuogopi,

Msaidizi wa Bwana Mifugo