Dole Gumba la Lameki

Jumatatu, 7 Julai 1969
Tumechuma kahawa tangu umande. Baridi ya hapa Ihanda inauma kuliko ya kwetu Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mdogo wangu Lameki kahamishiwa kwenye mashine ya kumenya kahawa. Amefurahi, habebi magunia tena. Mkanda wa mashine hauna kifuniko. Nyapara alikiondoa wiki iliyopita, eti kinachelewesha kazi.

Jumatano, 9 Julai
Mkanda umemshika Lameki mkono wa kulia. Damu kwenye maganda ya kahawa. Wamempakia kwenye lori, juu ya magunia, wakampeleka hospitali. Baada ya muda mfupi mashine ikawashwa, watu wakarudi kuchuma. Na mimi nikarudi.

Jumamosi, 12 Julai
Nimekwenda hospitali kwa miguu. Wameukata mkono wa Lameki juu ya kiwiko. Halii. Kaniuliza kama shamba litampa kazi nyepesi. Nimesema sijui.
Najua.

Jumatatu, 14 Julai
Nyapara Mwampashi kaniita ofisini. Kambi nzima ni mimi tu niliyefika darasa la sita. Anataka niandike maelezo kwa jina la Lameki: alikuwa akicheza na mashine, kosa ni lake, hadai kitu.
"Hamna karatasi za kukaa nchi hii," akasema. "Mwenye shamba akitaka, kesho mko polisi Tunduma. Na mkeo na tumbo lake."
Hakupaza sauti. Hata kiti alinipa.
Redio inasema unyonyaji umekwisha. Labda umekwisha huko redio iliko.

Jumanne, 15 Julai
Nimeandika. Mara mbili, maana karatasi ya kwanza iliingia doa. Nilijitahidi herufi zikae sawa. Ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilijitahidi.
Mke wangu ameweka chakula, akageukia ukutani.

Jumatano, 16 Julai
Nimempelekea Lameki karatasi. Hajui kusoma.
"Kaka, imeandikwa nini?"
"Kwamba umeumia kazini."
Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akaweka dole gumba la kushoto. Nililishika mimi nikalikandamiza, kwa sababu mkono huo haujazoea kazi.
Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika ili nisilisahau.

Ijumaa, 18 Julai
Lameki katoka hospitali. Akakuta jina lake limefutwa, na kitandani kwake kalala mchumaji mwingine, kijana aliyevuka juzi kutoka kwetu. Kijana akaamka, akamsalimu kwa heshima. Hakuna aliyegombana na mtu.

Jumapili, 20 Julai
Lameki amerudi kwa mama. Nimemsindikiza hadi njia ya Ileje, inayoshuka mpakani. Nguo zake nilibeba mimi mpaka hapo, kisha nikamfungia begani. Mke wangu kamchemshia viazi vya njiani.
Tulipoagana alinishukuru. Kasema bila mimi asingepata mtu wa kumwandikia.
Nikamwambia asalimie mama.
Nimesimama mpaka alipopinda kona. Upepo kidogo. Kesho tunaanza kuchuma mistari ya bondeni.