Gambuti Zako Bado Ziko Ndabibi

Mzee wangu,

Kesho asubuhi nasimama mahakamani Nakuru bila wewe, na naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa ukinigundua hata nikificha. "Wakili, mikono," ulikuwa ukininong'oneza ikianza kutetemeka, nami naiweka chini ya meza.

Ofisi yetu ya uwakili mtaani Free Area bado ipo. Kibao cha mlangoni kina jina lako. Fundi alikuja kukibadilisha nikamrudisha. Kiti chako sijakikalia. Wateja wengine wamehama, na siwalaumu. Aliyebaki ni Mama Wambui wa Ndabibi, yule mjane ambaye serikali inataka kukata shamba lake ipitishe barabara.

Ulipokuwa hai, barabara ilikuwa ipite pembeni, ng'ambo ya ua, kwa yule jirani mwenye ng'ombe wengi na marafiki wakubwa. Tulipokuzika tu, vigingi vikahama. Sasa vinapita katikati ya nyumba ya Mama. Atalipwa fidia, wanasema. Lakini hapo ndipo alipomzika mumewe, na hana ardhi nyingine.

Halafu kuna mtu alikuja ofisini. Suti safi, sauti ya upole. Alikaa kwenye kiti chako, Mzee. Kiti chako! "Madam, hii maneno ya Ndabibi ilichokesha mzee wako sana," akasema. "Wewe bado ni mdogo. Na shule ya mtoto wako iko mbali na nyumbani, sindio?" Sikuwa nimemwambia nina mtoto. Nilitaka kupiga mayowe, nikajikuta namwuliza kama atakunywa chai.

Daktari alisema ni moyo wako uliochoka, basi, na mchana naamini. Jioni nikifunga ofisi peke yangu, siamini.

Kwa hiyo niliamua kujiondoa kwenye kesi. Lakini ulinifundisha kwamba habari mbaya haipelekwi kwa simu, mtu anaifuata shambani. Jumamosi nikaenda Ndabibi. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyangu vya ofisi vilizama kwenye matope. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia. Mama alinitazama miguu, akaingia ndani, akatoka na gambuti zako, zile buti za mpira.

Nilikuwa nimezisahau. Kila mteja wa shamba ulimwachia gambuti mlangoni, nasi tulikucheka kwamba unafungua duka la viatu. "Mama, hizi zikae hapa," ulimwambia siku ya kwanza. "Siku nitakapozichukua, ujue kesi imeisha." Amekuwa akiziosha. Zinang'aa kuliko ulipokuwa ukizivaa.

"Mwenyewe hawezi kurudi," Mama akasema. "Kama umekuja kuzichukua, chukua tu, mwanangu. Sitakasirika. Hata mimi naogopa. Hao watu wanasimamisha gari hapo nje, wananiangalia tu nikikamua ng'ombe."

Hakulia. Afadhali angelia. Maneno yote niliyopanga yalinipotea, nikainama nikazivaa. Ni kubwa mno, Mzee, miguu yangu inaogelea ndani. Tukauzunguka mpaka wote kama ulivyokuwa ukifanya, yeye mbele, mimi nyuma, hadi kule kwenye ua. Akanionyesha mahali vilipokuwa vigingi vya kwanza kabla hawajaving'oa. Mashimo bado yapo, yamejaa maji ya mvua. Nimeyapiga picha yote, ushahidi kwamba barabara ilihamishwa. Muda huo wote gari jeupe lilikuwa limesimama barabarani na injini inanguruma. Nilijifunga koti hadi shingoni nikaligeuzia gari mgongo. Mama aliniuliza kama nasikia baridi, nikasema ndiyo.

Nilipoondoka nilizirudisha pale mlangoni pake.

Mtoto nimempeleka kwa watu wetu. Wapi, sitaandika hata hapa. Ananiuliza kwenye simu nitamchukua lini, na sijui nimjibu nini.

Siwezi kukuahidi ushindi. Wala siahidi kwamba nitaacha kuogopa, maana ungejua nakudanganya. Nakuahidi kwamba gambuti zako hazitatoka mlangoni pa Mama kwa sababu ya woga wangu.

Pumzika, Mzee. Kesho nikiinuka kusema, sitakuwa na meza ya kuficha mikono. Itatetemeka mbele ya kila mtu, na picha za mashimo nitakuwa nimezishika.

Wakili wako